Nilikwenda Ujiji Kumchukua Zuhura

Jamani, tangu nirudi sijapumzika. Kila nikitaka kunyoosha miguu nasikia hodi mlangoni, na ni mmoja wenu, amekuja na kikombe chake kabisa mkononi: "Mama Zuhura, tuambie." Nimeanza kuwaambia mara nyingi na sijamaliza hata mara moja, kwa sababu kila nikifika Rumonge anaingia mwingine na inabidi nianze upya kutoka Nyakabiga. Nimechoka. Basi nimekaa chini niandike yote kwa mkupuo mmoja. Mpeane wenyewe, na atakayekuja kuniuliza tena nitampa karatasi hizi na kiti, akasome uani.

Mnajua nilichokwenda kufanya. Zuhura, binti yangu wa pekee, ameolewa Ujiji, upande wa Tanzania, kusini kwetu, kando ya ziwa letu hilihili. Mumewe, Hamisi, alimwona hapa Bujumbura alipokuwa akija kuuza dagaa, akamchukua akaenda naye. Sasa Zuhura alikuwa na mimba ya kwanza, na ilikuwa imekomaa. Nanyi mnajua kwetu ilivyo: mimba ya kwanza inakuja kuzaliwa kwa mama, na mzazi analelewa hapohapo mpaka arobaini itoke. Chumba nilikuwa nimekwisha kukiandaa. Baba Zuhura alikipaka rangi mwenyewe, vibaya, na akakataa kusaidiwa. Kilichobaki kilikuwa kwenda kumleta mtu.

Nilifungasha mfuko mmoja tu: magauni mawili, msala, dawa ya kuchua miguu, na kitenge kipya. Kitenge hicho hakikuwa zawadi hivihivi. Katika ukoo wangu, mama anayekwenda kumchukua bintiye hasemi maneno mengi mbele ya wakwe. Anampa mama mkwe kitenge. Akikipokea kwa moyo mweupe, ameruhusu, na kesho yake mnaondoka. Hivyo ndivyo dada zangu wote walivyorudishwa nyumbani kuzaa. Nikaongeza na kopo la mandazi, maana Zuhura anayapenda ya mkono wangu.

Tunangoja esanse

Nilifika kwenye gari pale Nyakabiga mapema. Dereva alikuwa kijana wa Kanyosha aitwaye Fidèle, mwenye sauti nzuri na ahadi nyingi. Alichukua mfuko wangu, akaufunga juu ya Probox yake, akanionyesha kiti cha mbele.

"Mama, tunaenda sasa hivi."

"Gari iko na esanse?" nikauliza, maana petroli mnajua ilivyo adimu.

"Esanse inakuya, mama."

"Inatoka wapi?"

"Inakuya tu. We kaa mu kivuli."

Nikakaa kivulini. Kivuli kikahama, nami nikahama nacho, mpaka kikafika kwenye ukuta wa duka kikakosa pa kwenda. Hapo nilikuwa nimekwisha kujuana na abiria mwenzangu, Monsieur Laurent, mstaafu wa serikali anayekaa Gihosha. Alikuwa akienda Nyanza-Lac kutazama shamba lake la michikichi, naye alikuwa amevaa koti na tai kama anayekwenda kuapishwa. Kila baada ya muda alitazama barabara, akatikisa kichwa na kusema, "Ce n'est pas sérieux." Alilisema neno hilo, yaani huu ni mzaha, kwa upole kabisa, na nadhani lilimsaidia.

Adhuhuri ilipoingia nikaswali pembeni ya duka, Monsieur Laurent akanishikia mkoba kwa mikono miwili bila kuuweka chini. Nilipomaliza nikaona haya kumwacha mtu mzima na njaa. Nikafungua kopo la mandazi. Moja yeye, moja mimi. Kisha Fidèle akarudi kutusalimia na kutuambia kwamba esanse iko njiani, naye akala mawili.

Alipopata bidoni yake ya esanse hatimaye, jua lilikuwa limeanza kushuka na mandazi ya Zuhura yalikuwa yamebaki chini ya kopo.

Barabara ya ziwa

Ile barabara ya kusini mnaijua, lakini mnaijua ya zamani. Ziwa kulia, milima kushoto, na mtu anasinzia mpaka Rumonge. Sasa kuna mahali maji yameimega, na mahali mlima umeiangushia mawe, na mahali mafundi wameichimba ili waitengeneze. Tulikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Palipokuwa pabaya zaidi Fidèle alisimamisha gari.

"Mushuke kidogo. Mutapita na miguu, mi napitisha gari yenyewe."

Tukashuka. Nilivua viatu, nikakunja gauni, nikapita juu ya mawe nikiwa nimeshika mkono wa Monsieur Laurent, ambaye naye alikuwa ameshika tai yake isiguse tope. Nikajisemea: hapa, tukirudi, nitamshika Zuhura mkono, taratibu, hakuna shida. Mbele kidogo tukashuka tena. Nikajisemea: na hapa pia. Tulipoambiwa tushuke tena na tena, niliacha kujisemea chochote.

Karibu na Rumonge gurudumu likapasuka. Fidèle akatoa la akiba, nalo lilikuwa tupu. Akaliangalia kwa mshangao, kana kwamba si yeye aliyeliweka pale, akadandia pikipiki ya mtu akaondoka nalo.

Tuliachwa kwenye kituo cha kuchemshia mawese, moshi na harufu vimejaa hewani. Mama mmoja aliyekuwa akikoroga pipa alitutazama, akaingia kibandani kwake, akatoka na sahani ya bugali na ndagala, hao dagaa wa kwetu, waliokaangwa, pilipili pembeni. Hakutuuliza kama tuna njaa. Sijala ndagala watamu vile kwa muda mrefu. Nilikuwa nalamba vidole aliponiuliza ninakokwenda, nami nikamweleza yote, binti, mimba na chumba.

Akaacha kukoroga. "Unaenda kumuleta mwenye mimba mu njia hii? Yoo!"

"Njia inatengenezwa," nikamwambia.

"Inatengenezwa, ego, sawa. Na mimba inangoja watengeneze?"

Nilikasirika, ingawa nilikuwa nimekula chakula chake. Nilijisemea hawa watu wa njiani wanapenda kujitia katika mambo yasiyowahusu. Nikampa mandazi yaliyobaki ili nisionekane mtu asiye na shukrani, na hapo kopo likawa tupu.

Fidèle alirudi na gurudumu limejazwa, na usiku ule nililala Nyanza-Lac kwa dada yake Monsieur Laurent, Mkristo mcha Mungu ambaye hajawahi kunitia machoni. Aliogopa nyama yake isije ikawa si halali kwangu, basi akanipikia mayai, na asubuhi mayai tena, na akanifungia mengine ya kuchemsha kwenye kitambaa. Miguu yangu ilikuwa imevimba mpaka vifundo vimepotea. Aliniletea beseni la maji ya chumvi, akanikalia mbele. Mungu amlipe. Sijui hata jina lake la pili.

Kuvuka mpaka

Mambo ya mihuri siwasimulii, nyote mnayajua. Nawasimulia baridi ya kule juu Manyovu, mpakani, na chai ya tangawizi niliyokunywa huku nimejifunika msala wangu mabegani.

Ukiingia upande ule ukiwa na mvi, huwezi kupita kimyakimya. Kila kijana, kila binti, kila mwenye baiskeli: shikamoo. Nikaitika marahaba, marahaba, mpaka koo likakauka. Sisi Bujumbura tunasalimiana kwa mkupuo mmoja na kuendelea na safari. Wale wanakutaka uitike mmoja mmoja kama karani wa kuandikisha watu. Lakini kusema kweli ilinipendeza. Ni muda mrefu sijaheshimiwa na watu wengi hivyo kabla ya kunywa chai.

Mwenye chai alisikia nikimwita Fidèle kwa simu kumshukuru, akanigeukia. "Mama, wewe Mrundi? Mbona Kiswahili unakijua?"

"Tunakisema mtaani kwetu Buyenzi tangu babu yangu hajaota ndevu," nikamjibu.

Alicheka, akaniongezea chai, lakini niliona hakuniamini. Nikapanda basi la Kigoma nikiwa nimenuna. Basi lilisimama kila palipokuwa na mtu mwenye kuku au gunia, na kila aliyepanda alikuwa na salamu za kumpa kila aliyekwisha kukaa. Nilikula mayai yangu yote. Mbele yangu ziwa likatokea tena, likaonekana ni lilelile tuliloliacha Rumonge, na nikashindwa kuelewa kwa nini kulifuata tu kutoka juu mpaka chini kunaweza kumchosha mtu namna ile.

Bi Mwajuma anaulizia mizigo

Zuhura alinipokea stendi. Nilimwona kwa tumbo kwanza, uso baadaye. Amenenepa, ngozi imeng'aa, anatembea kwa kuegemea nyuma kama nilivyokuwa mimi. Nilimkumbatia kwa ubavu, maana kwa mbele hapakuwa na nafasi.

"Mama, safari ilikuwa namna gani?"

"Nzuri tu. Barabara safi."

Nilisema hivyo bila kupepesa macho. Alinitazama kuanzia vifundo mpaka kichwani, akachukua mfuko wangu.

Nyumbani mama yake Hamisi, Bi Mwajuma, alikuwa mlangoni na kanga mbili na mikono wazi. Ni mwanamke mfupi, mchangamfu, mwenye kusema na watu watatu kwa wakati mmoja. Alinibusu, akaangalia nyuma yangu.

"Na mizigo mingine inakuja na gari gani, mkwe wangu?"

"Mizigo gani? Njo hii tu, mfuko mmoja."

Bi Mwajuma alimtazama Zuhura. Zuhura alikuwa anamtazama kuku. Mimi nikadhani kule Ujiji watu husafiri na masanduku.

Baada ya chakula nikatoa kitenge. Nilikitoa kama ninavyojua, kimekunjwa, kwa mikono miwili, bila hotuba. Bi Mwajuma akakifungua akapiga kigelegele cha kuita mtaa mzima. Majirani wakaingia, wakakishika, wakakisifia rangi.

"Hiki nitakivaa siku ya arobaini!" akasema.

Moyo wangu ukatulia. Nikajua amekubali, na si kukubali tu, anapanga kuja Bujumbura arobaini itakapotoka, avae kitenge changu mbele yenu nyote. Nikaanza hata kufikiria watalala wapi, yeye na wenzake. Nikampigia simu Baba Zuhura nikamwambia mambo yamekwisha.

Chakula chenyewe kilikuwa migebuka katika mawese, na hapo tukagombana kidogo, kwa sababu mgebuka wao ndiye mukeke wetu, samaki yuleyule wa ziwa lilelile, na kila mmoja aliona mwenzake amempa jina la ajabu. Hamisi hakukaa nasi. Kwa adabu hakai chumba kimoja na mama mkwe, basi mazungumzo yetu yote yalipita kwenye pazia. "Mama, mmepumzika?" linasema pazia. "Nimepumzika, baba," naliambia pazia. Ni kijana mwema. Uso wake siwezi kuwaeleza vizuri.

Kisha nikaonyeshwa chumba. Godoro jipya, neti mpya, misumari ya kutundikia nguo ukutani, kibao cha kukalia jikoni, tenga la kuwekea vitu vya mtoto. Nilikishangaa. Kilikuwa chumba kikubwa mno kwa mtu wa kulala siku mbili.

Zuhura ananitembeza

Kesho yake nikitaka tufungashe, Zuhura akasema hatuwezi kuondoka sijaona mji. Nikakubali. Daktari amemwambia atembee, na mimi tangu utotoni nilikuwa nalisikia jina la Ujiji. Babu yangu alikuwa akisema sisi wa Buyenzi wengi wetu tumetoka huko, walikuja na biashara wakabaki. Namna alivyolitaja, nilidhani ni mji wa maghorofa.

Ni mji wa nyumba za chini, za udongo mwekundu na mabati yaliyoshika kutu, barabara za mchanga, misikiti midogo kila kona, na ukimya. Nilivunjika moyo mwanzoni. Kisha tukakata kona moja nikasimama. Baraza zilikuwa ni baraza za Buyenzi. Wanawake wamekaa kwa namna ileile, mguu mmoja umekunjwa, mmoja umenyooshwa, wanachambua mchele. Harufu ya udi inatoka dirishani. Mzee amevaa kofia ya kushonwa, anakohoa kama marehemu babu. Nilijiona nimerudi mtaa niliozaliwa, ila watu wamebadilishwa nyuso.

Zuhura alinipeleka kuona jumba la makumbusho, pale ambapo Wazungu wawili wa zamani walikutana. Kijana anayeongoza wageni alituambia habari zao kwa urefu. Mimi nilitaka kujua habari za watu waliobeba mizigo yao, akasema hizo hazikuandikwa sana. Alitutoa nje akatuonyesha njia ya zamani ya misafara, waliyopitishwa watumwa kwenda pwani wakiwa wamefungwa. Leo watu wanaipita na baiskeli za mkaa. Tulisimama hapo muda. Zuhura alikuwa ameshika tumbo lake.

Lakini nilitaka kuwaambia habari za watu wa mjini. Kila tulikopita walinipongeza. Muuza mandazi: "Ndiye mama? Hongera, Mungu akupe nguvu." Bibi mmoja barazani: "Umefanya vizuri kuja, mwanangu." Niliitika asante, asante, nikidhani ni ukarimu wa huko. Mpaka tulipofika kwa fundi cherehani mmoja, jirani wa Bi Mwajuma, akatoa futi yake shingoni.

"Ingia nikupime, mama. Bi Mwajuma amesema umekuja na nguo mbili tu, na unakaa mpaka arobaini itoke. Utavaa nini?"

Nilimtazama fundi. Nikamtazama Zuhura. Safari hii hapakuwa na kuku wa kumtazama.

Tulikwenda mpaka kwenye baraza la nyumba moja iliyofungwa. Hapo miguu ikakataa, nikakaa, naye akakaa taratibu, mkono mmoja chini, mmoja kiunoni.

"Zuhura. Umewaambia nini hawa watu?"

"Nimewaambia mama anakuya kunilea."

"Na mi uliniambia nini?"

"We sikukuambia kitu, mama. We njo ulikuwa unaniambia. Kila siku ku simu: chumba kiko tayari, baba amepaka rangi. Ningesema nini?"

"Ungesema apana."

"Kwako we? Nani alishawahi kukuambia apana?"

Hapo nilikasirika zaidi. Nilimwambia amenifanya mjinga mbele ya mji mzima. Nilimwambia kitenge kimepokelewa, mambo yamekwisha. Akaniuliza kitenge kimefanya nini. Nikamweleza. Akaziba mdomo kwa mkono, na nilijua anacheka.

"Mama, huku kitenge ni kitenge tu. Anadhani umemuletea ya kuvaa ku sherehe ya mutoto."

"Mutoto wa kwanza anazaliwa kwetu," nikasema. "Njo hivyo."

"Na hapa si kwetu? Babu yako alikuwa anasema mulitoka wapi?"

"Alitoka, mwanangu. Hakurudi."

Mbuzi alipita mbele yetu, akatutazama, akaendelea na mambo yake. Nilikuwa nimekasirika, na chini ya hasira nilikuwa na huzuni, na chini ya huzuni nilikuwa nimechoka tu, jamani, uchovu wa kutaka kulala palepale barazani.

Zuhura akanyoosha miguu yake. Vifundo vyake vilikuwa vimevimba, na tulikuwa tumetembea mtaa mmoja na nusu.

"Mama. Njia iko namna gani? Sema kweli."

Nilitaka kusema safi. Neno lilifika mdomoni. Badala yake nikaanza kumsimulia kama ninavyowasimulia ninyi: Fidèle na esanse yake, tai ya Monsieur Laurent, gurudumu tupu, mayai na mayai tena. Alicheka mpaka akashika ubavu. Nikamsimulia tulivyoshuka na kutembea juu ya mawe. Nikamsimulia tulivyoshuka tena. Kisha nikafika kwa yule mama wa mawese na maneno yake, na nikashindwa kuendelea, kwa sababu safari hii nilimsikia. Nilimwona Zuhura amesimama kwenye tope lile, tumbo mbele, gari linateleza kando yake, nami nimemshika mkono kana kwamba mkono wangu ungeweza kufanya kitu.

Naye hakucheka tena. "Mi naogopa, mama," akasema. "Si kuzaa. Ile njia."

Kisha akaniuliza jambo ambalo hajawahi kuniuliza.

"Mi ulinizalia wapi?"

"Unajua. Uvira."

"Niambie."

Baadhi yenu mlikuwepo. Ulikuwa wakati wa vita, risasi zilikuwa zinasikika mpaka uani, Baba Zuhura akasema tuvuke. Mama yangu alikuwa hawezi kutembea haraka, akabaki na kaka zangu, akisema atafuata. Njia ikafungwa. Nilimzaa Zuhura Uvira, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, kwenye chumba cha watu nisiowajua. Nilimwita mama yangu mpaka sauti ikaisha. Mwenye nyumba, mtu mwema, alikuwa ananiambia: "Mama yako iko mbali, we jikaze." Tangu siku hiyo niliapa binti yangu atazaa nyumbani.

Zuhura alinisogelea, akauliza:

"Siku ile ulikuwa unataka nini? Ulitaka wakupeleke Buja, kwa bibi?"

"Nani angenipeleka? Sikuweza hata kukaa. Nilitaka mama akuye."

Niliyasikia maneno yangu yakitoka. Miaka yote hii nilikuwa nimejiambia kwamba nilikosa nyumba. Sikukosa nyumba. Nyumba nilikuwa hata siikumbuki siku ile.

Zuhura alinishika mkono. "Basi, mama," akasema. "Si umekuya?"

Nililia palepale, kwenye baraza la watu, Ujiji, mchana kweupe, na wapita njia wakanipa shikamoo huku nikilia, na ikabidi niitike.

Nabaki

Baba Zuhura nilimpigia jioni. Nilimwambia siji, na Zuhura haji, mtoto atazaliwa huku. 

"Na ile rangi?" akauliza.

"Acha ikauke vizuri," nikamwambia.

Bi Mwajuma nilimweleza habari za kitenge mwenyewe, maana ningesemewa na Zuhura. Alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe ulitaka kumchukua mzazi wangu kwa kitenge! Na mimi nimekishangilia!" Tangu hapo kila akitaka nifanye jambo alikuwa ananiahidi kitenge. Aliniazima kanga zake, ambazo kwangu zilikuwa fupi, na tulishindana jikoni kila siku, yeye anataka uji wa pilipili manga nyingi, mimi nataka kidogo, na mpishi wa tatu, pazia, anauliza kama tunahitaji kuni. Nilichoka kule kuliko nilivyochoka barabarani. Kulea mzazi si kazi ya mtu wa umri wangu, na mtu asiwaambie ni furaha tupu: ni maji ya moto, nguo za kufua, na usingizi wa vipande vipande.

Arobaini ilipotoka, mtoto na mama yake wazima, niliondoka. Kurudi kulikuwa kama kwenda, ila nilikuwa peke yangu bila Monsieur Laurent, na gari lilikuwa la mtu mwingine mwenye ahadi zilezile. Palipokuwa pabaya nilishuka nikapita. Sina zaidi la kusema juu ya barabara hiyo.

Mchana ule

Nimeacha hili mwisho kwa sababu ndilo mnaloliulizia kweli.

Uchungu ulimshika asubuhi, tukampeleka kwenye kituo cha afya, jirani tu, kwa miguu, Hamisi akitufuata kwa mbali kwa adabu zake huku analia bila kujificha. Mimi na Bi Mwajuma tuliwekwa kwenye benchi nje ya mlango. Aliswali, nikaswali. Alinipa kashata, nikaifunga kwenye upindo wa kanga. Mlangoni palikuwa na kimya, kisha sauti za muuguzi, kisha kimya tena, na mimi nilikuwa nimekaza macho kwenye kitasa mpaka nikaanza kukiona hata nikifumba.

Adhuhuri ilipopita, Zuhura aliita. Hakumwita Hamisi, wala hakumwita Mungu kwanza. Aliita "Mama!" kwa sauti ninayoijua, kwa sababu iliwahi kutoka kooni mwangu.

Mlango ukafunguliwa nusu. "Mama yake ni nani?"

Tulisimama wote wawili, kwa maana kule mkwe naye ni mama. Bi Mwajuma alinitazama, akakaa chini tena.

Niliingia. Zuhura alikuwa amegeuza uso mlangoni, jasho limemjaa, macho yake yananitafuta. Nikamshika kichwa, nikamwambia, "Niko hapa. Mi niko hapa, mwanangu."

Muuguzi aliniomba nisogee pembeni kidogo. Sikusogea.